Vyuma vya Mgongo na Namba za Maradhi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makarani wa kumbukumbu za wagonjwa, watumishi wa Serikali na wananchi)




Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi si daktari, ni mtumishi wa habari; lakini nimejifunza kwamba hata maradhi yasipoandikwa ipasavyo hupotea, na mwenye kudhurika ni mgonjwa.

Mtu aliyevunjika pingili za uti wa mgongo huenda akatiwa fito na skrubu za chuma ili mifupa itulie mpaka iunge. Wengi hupata nafuu. Baadhi yao hurejea hospitali, baada ya miezi au miaka, wakilalamikia maumivu. Yumkini skrubu imelegea au imevunjika. Yumkini vijidudu vimeingia na usaha umezunguka chuma. Au mifupa haikuunga.

Kila sababu ina namba yake katika Uainishaji wa Kimataifa wa Maradhi, toleo la 10, lililoidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani mwaka 1990. Chuma cha uti wa mgongo kilicholegea au kuvunjika ni T84.2. Chuma cha kushikia mfupa kilichopata maambukizo ni T84.6. Pingili zisizounga baada ya upasuaji wa kuziunganisha ni M96.0. Maumivu ya kiuno, bila ya kutajwa sababu, ni M54.5. Marekani, tokea tarehe 1 Oktoba, 2015, huongeza tarakimu: T84.216 chuma cha pingili kimevunjika, T84.226 kimehama. Toleo la 11 lilianza kutumika tarehe 1 Januari, 2022, na shabaha yake ni ile ile: kuitaja sababu.

Ikiandikwa M54.5 mahali pa T84.2, hesabu za mwaka zitaonesha tu kwamba wenye maumivu ya kiuno wamezidi. Hapana atakayetambua kuwa skrubu za aina moja zimekatika migongoni mwa watu kadhaa, na mgonjwa mwengine atatiwa skrubu hizo hizo.

Kwa hivyo, tunaomba yafuatayo:

1. Daktari aandike kwa maneno kamili: chuma gani, pingili ipi, kimepatwa na nini. Kuandika T84 si kumshitaki aliyefanya upasuaji.

2. Karani asikisie. Maelezo yakipungua, alirejeshe faili kwa daktari.

3. Mwananchi mwenye chuma mgongoni ahifadhi karatasi ya upasuaji na picha zake za eksirei, na aende nazo kila anapotibiwa.

Namba ni alama ndogo, lakini nyuma yake yupo mtu asiyeweza kuinama kufunga viatu vyake. Tumwandike kwa haki.