Kabla ya Kununua Jiliwa

Juma hili nimeombwa nizungumzie jambo ambalo huenda ukadhani ni la mafundi peke yao, nalo ni namna ya kuchagua jiliwa. Jiliwa ni kile chombo cha chuma chenye taya mbili na skrubu ndefu, kinachobana kitu ili fundi akifanyie kazi. Mafundi wengi hukiita vaisi. Aliyeniomba ni mwalimu mmoja wa hapa Kisaka, ambaye amenunua mashine ndogo ya kuchonga chuma, ile iitwayo milingi, kwa ajili ya kujifurahisha jioni na siku za Jumamosi. Niseme mapema kwamba hii si mashine ya kusaga, maana huku kwetu ukisema una mashine, mtu atakuletea debe la mahindi. Hii ina meza inayokwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, na juu ya meza kuna kikata kinachozunguka. Kipande cha chuma hufungwa mezani, kikata kikakila kidogo kidogo mpaka kipate umbo linalotakiwa.

Karibu akiba yote ya mwalimu ilikwisha kwenye mashine. Kwa jiliwa alibakiwa na fedha kidogo, ndipo akaniuliza: "Mzee, si yote yanabana tu?"

Hayabani sawa, mwalimu. Na swali lake si dogo, kwa sababu kazi aliyokusudia kuanza nayo haikuwa ya mchezo. Jirani yake ana mashine ya kusaga, na mfereji wa kii kwenye shafti yake umekwisha. Kii ni kile kipande kidogo cha chuma kinachofunga puli na shafti ili vizunguke pamoja. Kikilegea, puli inazunguka na shafti inabaki nyuma. Wasikilizaji wa Tarime na Serengeti mnajua kinachofuata: akina mama wanarudi na mahindi yao kichwani, au wanakwenda kijiji cha pili, na shafti inasafirishwa Musoma au Mwanza kutafuta karakana. Zinapita siku tatu, mara juma zima.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Shafti yenye unene wa milimita 40 hutakiwa kii ya upana wa milimita 12. Mfereji ukizidi hata kwa nusu milimita, kii itacheza, na kikicheza kitagonga kuta za mfereji kila mashine inapowaka, mpaka tutarudi pale pale. Upana huo hautokani na mashine peke yake. Kikata kinazunguka mahali pake, lakini kama shafti inatikisika ndani ya taya, mfereji utatoka mpana au umepinda, hata mashine ingekuwa mpya kiasi gani. Wahunzi wetu wa zamani walilijua hilo kabla ya umeme kufika. 

Jiliwa la kwanza ambalo mwalimu ataoneshwa dukani ni lile la mezani, linalotumiwa kwa tupa na msumeno. Hilo ni chombo kizuri sana mahali pake, ila lilitengenezwa kufungwa kwenye meza ya mbao, ni refu kwenda juu, na halina upande wa chini ulionyooka wa kukaa juu ya meza ya mashine. La pili ni jiliwa jepesi la mashine ya kutoboa. Hili ndilo linalowaponza watu, kwa kuwa ni rahisi na kwa sura linafanana na linalotakiwa. Kutoboa husukuma kitu chini. Kuchonga hukisukuma pembeni, kukivuta na kukitetemesha, tena mara nyingi kwa sekunde. Jiliwa la kutoboa halikujengwa kwa kazi hiyo.

Lakini ubaya wake mkubwa hauonekani kwa macho. Ukikaza skrubu, ile taya inayotembea, badala ya kusonga mbele tu, huinuka kidogo na kuinua kipande pamoja nayo. Unafikiri kimelala sawasawa, kumbe upande mmoja unaelea. Kampuni ya Kurt ya Marekani ilijipatia jina kwa kulitibu tatizo hilo: ndani ya taya waliweka mteremko na kipande cha nusu tufe, hata skrubu inapovuta taya mbele, inaivuta na chini pia. Leo viwanda vingi, vikiwamo vya China na India, vinaiga muundo huo. Kuna aina nyingine pia, jiliwa fupi lililosagwa likanyooka pande zote, ambalo halina skrubu ndefu bali bolti moja iliyolala kimshazari, nayo huvuta taya mbele na chini. Kulifungua na kulifunga kunachosha kidogo, lakini kwa mashine ndogo mimi ningelichagua hilo.

Unajuaje, ukiwa dukani, kama taya inainuka? Fungua taya hadi nusu, ishike kwa vidole, uitikise juu na chini. Ikicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, lirudishe. Muuzaji akikuruhusu, weka kipande cha chuma kilichonyooka kati ya taya, chini yake pitisha vipande viwili vya karatasi ya sigara, kimoja kila upande, kisha kaza. Vute vyote viwili. Kile cha upande wa taya inayotembea kikitoka kirahisi, umeshapata jibu. Chukua na skwea yako, uiegemeze kwenye taya isiyotembea, utazame mwanga. Taya hiyo ndiyo inayotoa kipimo, na ikiwa imelala, kila utakachochonga kitalala. Kama jiliwa limekwisha kutumika, angalia kama kuna ufa chini ya taya hiyo. Majiliwa mengi ni ya chuma cha kusubu, nacho kikipigwa nyundo hakipindi, hupasuka.

Kuhusu ukubwa, hapa ndipo wengi hupotea kwa tamaa. Mashine ndogo kama ya mwalimu ina meza ya upana wa kama milimita 110, na urefu usiozidi nusu mita. Jiliwa la taya za milimita 150 linaweza kuwa na uzito wa kilo 30 au zaidi. Ukilipandisha juu ya meza hiyo, meza itakuwa nzito kusogeza, mwili wa jiliwa utagonga nguzo ya nyuma kabla kazi haijafika chini ya kikata, na kwenda juu nafasi itakwisha kabla hujafunga chochote. Kwake yeye taya za milimita 75 au 80 zinatosha, 100 ndiyo mwisho. Lile sahani la chini linalozunguka, ambalo wauzaji hulisifia sana, aliache. Linaongeza kimo na kupunguza uimara, na mtu huligeuza mara mbili kwa mwaka.

Shafti yenyewe, kwa kuwa ni ya mviringo, inahitaji taya yenye mkato wa umbo la herufi V ili isiviringike. Ikiwa ni ndefu mno ni afadhali kuilaza kwenye mfereji wa meza na kuifunga kwa vibano, bila jiliwa kabisa. Mwalimu hakulipenda jibu hilo, nafikiri alikwisha kuanza kuota jiliwa lake jipya.

Nilimshauri pia kuwa asiagize kabla ya kupita kwenye ofisi ya SIDO Musoma. Shirika hilo lipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na si vibaya kuuliza kabla ya kulipa. Kule mkoani Kilimanjaro kuna Kilimanjaro Machine Tools, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria kwa ajili ya mashine za namna hii hii. Nchi ilikwisha kuona zamani kwamba anayetengeneza mashine ndiye anayezitengeneza zikiharibika.

Na miwani avae. Kipande kikichomoka kwenye taya hakimwulizi mtu kama alikuwa anafanya kazi au anajifurahisha. Watoto wa mwalimu hupenda kusimama mlangoni kutazama, basi mlango ufungwe mashine inapozunguka. Jirani ameambiwa asubiri hadi Jumamosi ya pili, na mahindi ya kijiji kwa sasa yanapelekwa ng'ambo ya mto.