Tembe ya Kiungulia



Ndugu zangu vijana, na mama zetu mlioko upande wa pazia. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetufikisha mwezi huu mtukufu. Mnisamehe, leo mada yangu ni tumbo.

Kila Ramadhani mambo ni yale yale. Adhana ikilia ni tende, bajia, sambusa, viazi karai na gilasi mbili za juisi. Tukirudi tarawehe kifua chawaka moto. Kesho mtoto anatumwa duka la dawa akalete omeprazole. Mtu anameza mwezi mzima, Idi ikifika ameshazoea. Mamangu alimeza hivyo karibu miaka miwili, na hakuna daktari aliyemwandikia.

Sasa tuulizane, asidi iko tumboni kwa nini? Mola hakuiweka bure. Husaidia kusaga chakula, na huua vijidudu vingi tunavyovimeza kabla havijafika matumboni. Omeprazole na wenzake, kama esomeprazole na pantoprazole, huzuia tumbo kutoa asidi hiyo. Kiungulia kinatulia, lakini mlinzi naye amelala. Vijidudu vya salmonella na campylobacter hupata njia. Hata kipindupindu humshika kwa wepesi mwenye asidi kidogo. Mwaka 2012 idara ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa dawa hizi zahusishwa na kuhara kunakoletwa na kijidudu kiitwacho Clostridium difficile. Walio hatarini zaidi ni wazee na waliotumia antibiotiki.

Ramadhani moja mamangu alihara siku tatu, na saumu hakukubali kuifungua. Tulipomfikisha hospitali hawezi kusimama. Siwezi kuapa kuwa ni ile tembe, huenda ni maji. Lakini daktari alipouliza anatumia dawa gani, sote tulijibu, "Hatumii." Kwetu sisi ile ilikuwa kama peremende.

Basi nawausia, nikianza na nafsi yangu:

Kwanza, kama umeandikiwa na daktari, usiache kwa maneno yangu. Rudi umuulize, nimeze mpaka lini? Aliyejinunulia mwenyewe asipitishe siku 14 bila kumuona daktari.

Pili, unayemeza, chemsha maji ya kunywa, osha mikono na matunda, na jihadhari na juisi ya barafu usiyojua maji yake yametoka wapi.

Tatu, punguza futari. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuliachia tumbo nafasi ya maji na ya pumzi. Na usilale papo hapo baada ya daku.

Nne, ukihara sana, ukiona damu au homa, fungua saumu. Mgonjwa ana ruhusa, atalipa siku nyingine. Kunywa maji ya ORS, nenda hospitali, na hiyo tembe uitaje.

Leo ukifika nyumbani, waulize wazazi wako wanameza nini.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.