Anayeamua kwa Niaba ya Asiyechagua



Mwenzangu mmoja aliposikia mada yangu alisema hakuna cha kuhadhiri hapa: chaguo-msingi la kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, ni kazi ya mafundi, na asiyeridhika nalo abadilishe mwenyewe. Leo namjibu.

Mfano wangu ni Linux. Kama ilivyo katika jamii nzima ya Unix, kila faili hutunziwa wakati liliposomwa mara ya mwisho, yaani atime. Kwa kanuni ya zamani, kila usomaji ulizaa uandishi: ni sawa na mkutubi anayekimbilia rejesta kila msomaji anapofunua kitabu. Mwaka 2007 Ingo Molnar, mmoja wa watunzaji wa kerneli, aliulalamikia sana mzigo huo.

“Abadilishe mwenyewe.” Nani huyo? Zamani hizo nilisimamia maabara ya kompyuta yenye seva moja. Wanafunzi walikuwa wakisoma tu, lakini taa ya diski haikupumzika. Wiki nzima niliwinda virusi. Dawa ilikuwa neno moja la kuzima atime, noatime, nililoliandika kwenye faili la mipangilio, na seva ikatulia. Neno hilo lilikuwapo siku zote, ila mimi, niliyelipwa kulijua, sikulijua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijulia wapi?

Hoja nzito kuliko hiyo ni ya wanaotetea desturi. Kiwango cha POSIX kinaitaka atime. Programu ya baruapepe ya Mutt iliitumia kutambua barua mpya, na programu za kufagia faili za muda huitumia kujua lililosahauliwa. Kuifuta kwa wote kungewaumiza hawa.

Ndiyo maana kila mwaka nawasomesha wanafunzi mistari michache ya kerneli inayotekeleza relatime, kanuni ya kati inayoandika atime pale tu inapohitajika. Inauliza maswali matatu tu. Je, maudhui yamebadilika tangu faili liliposomwa? Je, taarifa za faili zimebadilika? Je, zimepita 24*60*60, yaani sekunde 86,400? Jibu likiwa ndiyo hata mara moja, atime inaandikwa. La sivyo, diski inaachwa ipumzike. Swali la kwanza linamlinda mtumiaji wa Mutt, na la tatu linamlinda mfagiaji. Sijaona kwingine ambako maslahi yanayopingana yamesikilizwa kwa maneno machache namna hii.

Relatime iliingia mwaka 2007, katika toleo la 2.6.20, kama hiari. Juni 2009, toleo la 2.6.30 likaifanya chaguo-msingi, na anayetaka desturi ya kale akawekewa strictatime. Nakiri kuna kilichopotea: mkaguzi anayetaka kujua dakika hasa faili liliposomwa hawezi tena kuiamini atime bila kuchukua hatua. Lakini mkaguzi huyo anajua anachotafuta na neno la kuandika. Mzigo wa kuchagua abebeshwe mwenye ujuzi, si asiyejua kwamba kuna la kuchagua. Hapo sitetereki.

Wanafunzi wangu, mtakapokabidhiwa mamlaka ya kuweka chaguo-msingi, mkumbuke kwamba wengi hawataligusa kamwe. Kwao, mlichoweka ndicho mfumo wenyewe. Kiwekeni kwa uangalifu huo.