Kinga ya Kiungo cha Faiba Baada ya Kuchomelewa: Uzoefu wa Barabara ya Kusini, Kibiti hadi Somanga



Kichwa nilichopewa na waandaaji kilikuwa kipana: matengenezo ya mkongo katika maeneo ya mafuriko. Nimeomba ruhusa nikipunguze. Mitaro, vibali vya hifadhi ya barabara na fidia ya mazao vina mtaalamu wake atakayezungumza mchana. Mimi nitakaa kwenye sentimita nne hadi sita tu za mkongo, pale uzi ulipovuliwa ganda lake, ukakatwa, ukachomelewa, halafu ukatakiwa kuvikwa tena.

1. Maelezo ya awali

Haya mnayafahamu, kwa hiyo nayapita. Uzi wa kawaida wa mkongo wetu, aina ya G.652, ni kioo chenye kipenyo cha maikromita 125, na mwanga hupita kwenye kiini chake cha takriban maikromita 9. Juu ya kioo kuna ganda la akriliki la tabaka mbili, la ndani laini na la nje gumu, linalofikisha kipenyo kwenye maikromita 250. Kuunga ni kuvua ganda, kufuta kwa spiriti, kukata kwa pembe isiyozidi digrii moja, kisha kuziyeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme. Kazi hiyo ikiisha, kioo kinabaki uchi kwa sentimita mbili au tatu.

Kuna njia mbili za kukisitiri. Ya kwanza ni kupaka upya: uzi unalazwa kwenye kalibu ndogo, akriliki ya maji inasukumwa humo, inakaushwa kwa mwanga wa urujuanimno kwa sekunde chache, na kiungo kinatoka na unene unaokaribia ule wa uzi wenyewe. Hutumika viwandani na katika kazi za baharini, mahali ambapo nafasi ni finyu na hakuna atakayekifungua kiungo tena. Ya pili ni slivu: mrija wa nje unaosinyaa kwa moto, mrija wa ndani unaoyeyuka ukawa gundi, na kijiti cha chuma cha kuzuia kupinda.

Nchi kavu tunatumia slivu, na sina ugomvi na hilo. Mashine ya kupaka upya ni ghali, akriliki yake inaharibika kwa joto na jua, na hakuna mtu atakayeihangaikia kando ya barabara pale Nyamwage saa nane usiku. Slivu inatosha. Matatizo yanatokana na namna tunavyoivalisha.

2. Mazingira ya kazi

Kutoka Kibiti barabara inapita Ikwiriri, inateremka bondeni, inavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970, lililofunguliwa 2003, kisha inaelekea Nyamwage na Somanga. Bondeni udongo ni mfinyanzi mweusi. Masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Chemba ya mkongo iliyojengwa wima inainama baada ya misimu michache, na kebo iliyomo inavutwa kidogo kila mwaka bila mtu kuigusa. Maji yakijaa, chemba hukaa chini yake kwa majuma. Kwa mkulima wa Rufiji maji hayo ni neema, maana yakishuka ndipo analima mlau, kilimo cha baada ya mafuriko. Kwetu ni unyevu unaotafuta upenyo.

Mwaka 2024 ulitufundisha kwa mkupuo. Aprili mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani karibu na Mafia, na barabara ya kusini ikakatika upande wa Somanga. Tarehe 12 Mei nyaya za EASSy na SEACOM zikakatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua nchi nzima. Katika kelele za bahari, viungo vya nchi kavu vilivyokuwa vimelala majini tangu Aprili havikuwa na wa kuviulizia.

Wananchi wa visiwa vya delta wanaotegemea mnara wa simu hawajali uzi uko wapi. Lakini mnara huo ukiwa unapata njia yake kupitia mkongo wa barabarani, uzi mmoja ukikatika Ikwiriri unamnyamazisha mvuvi wa Salale na zahanati ya Mbwera kwa pamoja.

3. Tatizo lenyewe

Kioo kipya kisicho na mkwaruzo kina nguvu kuliko chuma cha unene huohuo. Kinachokiua ni mkwaruzo na maji vikikutana. Kisu cha kuvulia ganda, hata kikiwa kizuri, kinaweza kuacha alama isiyoonekana kwa macho. Unyevu ukifika kwenye ncha ya ufa huo, unavunja mshikamano wa silikoni na oksijeni, na ufa unasogea polepole kwa mvuto mdogo sana. Mmemwona fundi wa madirisha: anachora mstari mmoja juu ya kioo, halafu anakigonga kidogo, kinaachana palepale. Tofauti ni kwamba huku mgongaji ni udongo wa mfinyanzi, na anaweza kuchukua masika mawili kabla ya kumaliza.

Kiwandani, uzi haukubaliwi hadi uvutwe wote kwa kiasi cha kuurefusha kwa asilimia 1, yaani nguvu ya takriban nyutoni 8.5. Mashine zetu za kuchomelea hukivuta kiungo kwa takriban nyutoni 2 kabla ya kukiachia. Ni jaribio dogo, lakini ni jaribio. Hata hivyo nimekuta mashine ambazo limezimwa kwenye mipangilio, kwa maelezo kwamba "linachelewesha". Linachukua sekunde chache.

Kisha kuna kipimo tunachokiabudu. OTDR inatuambia mwanga umepotea kiasi gani kwenye kiungo. Ikisoma chini ya desibeli 0.1, fomu inasainiwa, namba ya tukio inafungwa, kila mtu anarudi nyumbani. Lakini mwanga unapita vizuri tu kwenye kioo kilicho uchi. Unapita vizuri kwenye slivu iliyojaa mapovu, na unapita hata kwenye kiungo kilichofungwa kwa plasta ya umeme kwa sababu fundi alisahau kuitanguliza slivu kabla ya kuchomelea na hakutaka kukata upya. Desibeli haijui kama ganda limerudi. Kwenye fomu nyingi nilizojaza kuna safu ya hasara kwa nanomita 1310 na safu kwa 1550, na hakuna safu inayouliza habari za slivu.

Ninayoyakuta ndani ya kloja, yaani makasha ya viungo, zilizofunguliwa baada ya mafuriko hayatofautiani sana kutoka chemba moja hadi nyingine. Slivu iliyosinyaa katikati na kubaki wazi pembeni, dalili kwamba hita ilizimwa kabla ya wakati ili kuokoa betri, maana kupasha joto ndiko kunakokula chaji kuliko cheche yenyewe. Slivu iliyoshika upande mmoja tu, ambapo upande wa pili ganda lilivuliwa refu mno likaishia nje ya gundi, kioo kikabaki hewani. Jeli ya kebo haikufutwa, kwa hiyo gundi haikushika na uzi unateleza kama haujafungwa. Chembe za mchanga zimenaswa kati ya kioo na kijiti cha chuma. Slivu zilizookwa miezi kadhaa juu ya dashibodi zikasinyaa kabla ya kutumika, na bado zikasukumizwa. Na ile inayonikera kuliko zote: slivu iliyotolewa kwenye hita ikiwa ya moto, ikapachikwa kwenye trei gundi ikiwa bado laini, uzi ukagandia humo ukiwa umepinda. Hiyo ya mwisho angalau inajitangaza. Hasara kwa 1550 inapanda wakati 1310 imetulia, na anayelinganisha vipimo vya zamani na vipya ataiona. Ufa hautoi taarifa.

Simlaumu fundi. Analipwa kwa saa za kurudisha huduma, simu yake inaita kila baada ya dakika tano, amesimama kwenye tope na mwavuli mmoja. Kila slivu inahitaji karibu dakika moja ya kupashwa joto na kupoa. Kebo ya nyuzi 48 ni karibu saa nzima ambayo hakuna anayetaka kuilipia. Wala silaumu taasisi yoyote. Bajeti tunazijua, na mikataba huandikwa na watu wanaofuata miongozo iliyopo. Lakini nimeandika jambo hili kwenye taarifa mwaka baada ya mwaka, na jibu limekuwa lilelile: kiungo kilipita vipimo. Kilipita, ndiyo. Vipimo vyenyewe haviangalii kinachovunjika.

4. Mapendekezo

Kwanza, fomu ya makabidhiano iongezwe safu ya kinga ya kiungo: slivu imefunika ganda zima angalau milimita 10 kila upande, haina povu juu ya kioo, kijiti hakijapinda. Picha ya trei ipigwe kabla ya kloja kufungwa. Simu za mafundi wote zina kamera.

Pili, jaribio la kuvuta lisizimwe, na wasimamizi wakague mipangilio ya mashine, si risiti yake tu.

Tatu, kila timu iende na betri ya akiba inayohesabiwa kwa ajili ya hita. Betri moja inatosha kuchomelea, haitoshi kuvisha.

Nne, muda wa kuvisha slivu uingizwe kwenye mkataba kama kazi inayojitegemea. Usipoingizwa, utaendelea kuibiwa kwenye usingizi wa fundi.

Tano, slivu zitunzwe kwenye boksi lililofungwa, mbali na jua na vumbi. Iliyosinyaa itupwe. Ununuzi usiangalie bei peke yake. Ombeni wauzaji zilizojaribiwa kwa joto na unyevu, kisha jaribuni chache wenyewe kwenye ndoo ya maji ya Rufiji.

Sita, kiungo kilichofanyika kwenye mvua kihesabiwe cha dharura, kiandikwe tarehe ya kurudiwa, na maji yakishuka kirudiwe. Kwa sasa cha dharura kinakuwa cha kudumu siku huduma inaporudi.

Saba, kloja zitundikwe ukutani mwa chemba, zisilale chini. Zenye vali zipulizwe hewa na kupakwa sabuni kabla ya kurudishwa. Slivu nzuri ndani ya kloja inayovuja ni kazi nusu.

Nane, kusafisha. Jeli ifutwe kwanza, ganda livuliwe baadaye, kioo kifutwe tena kwa spiriti safi, si ile iliyokaa wazi tangu asubuhi. Nimeshalisema hapo juu na nalirudia kwa makusudi.

Tisa, vipimo vya 1550 vya kila kiungo kati ya Kibiti na Somanga vilinganishwe kabla na baada ya kila masika, na tofauti ifuatiliwe hata kama bado iko chini ya desibeli 0.1.

Kumi, inunuliwe mashine moja ya kupaka upya, iwekwe Dar es Salaam kwa mafunzo. Sipendekezi ije barabarani. Fundi akishaona jinsi ganda linavyojengwa upya kuuzunguka uzi, na akauona uliopakwa vibaya ukikatika kwenye jaribio la kuvuta, hataitoa tena slivu kwenye hita ikiwa ya moto.

Kumi na moja, na linatokana na la kwanza: safu hiyo ya fomu ianze kutumika kabla ya masika yajayo, hata kwa kuandikwa kwa kalamu pembeni ya fomu ya zamani, wakati idhini ya fomu mpya ikisubiriwa.