Majina yenu tunayachunga namna gani



Mlituuliza swali la haki: majina yenu, na yale mliyotueleza juu ya mashamba na juu ya watu waliowatendea mabaya, yako wapi? Yako ndani ya kompyuta moja. Kompyuta yetu ya kwanza iliibiwa njiani. Ilikuwa na neno la siri la kuingilia tu, na hilo halizuii kitu: mwizi anatoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine. Tulikaa wiki mbili bila kuwaambia. Tulikosa, na tunawaomba radhi.

Sasa maandishi yote ya diski yamegeuzwa kuwa fumbo. Kompyuta hii inatumia Linux, na tangu mwaka 2021 programu yake ya systemd, toleo la 248, inakubali kufungua diski kwa ufunguo mdogo wa USB wa aina ya FIDO2. Tukiwasha, tunachomeka ufunguo, tunaandika namba yake ya siri, kisha tunaugusa kwa kidole. Siri iliyo ndani ya ufunguo haitoki nje. Ufunguo unaulizwa, nao unajibu. Namba ikikosewa mara 8, ufunguo unajifunga.

Mzee mmoja aliuliza: na ukianguka matopeni? Kweli, hapo tunaogopa kuliko mwizi. Diski iliyofungwa kwa LUKS2 inaweza kuwa na nafasi hadi 32 za kufungulia, basi tumeandikisha funguo mbili: mmoja uko kwa mwandishi wetu, wa pili kwa mama mmoja wa komite mliyemchagua ninyi wenyewe. Kuna pia neno refu la kuokoa, limeandikwa kwenye karatasi, mbali na kompyuta. Vyote vitatu vikipotea, hakuna fundi wa kutusaidia, hata Ulaya.

Lakini tusidanganyane. Kompyuta ikiwa imewaka, ama imelala tu, diski iko wazi. Kabla ya safari lazima tuizime kabisa, na ufunguo hausafiri katika mfuko mmoja nayo. Na mwenye bunduki akimlazimisha mtu wetu afungue, tumemwambia afungue. Kwa hiyo mashahidi tumeanza kuwaandika kwa namba, bila majina. Anayetaka jina lake lifutwe kabisa, atuone leo kabla hatujaondoka.