Kutoka Kariakoo Hadi Chini ya Bahari

*(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Ukumbi wa Anatoglo, Mnazi Mmoja)*



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kupiga mbizi, na jinsi mtu anavyofundishwa mpaka ikawa ndiyo kazi yake. Nasema "kupiga mbizi" kwa makusudi. Siku nilipomwambia mama yangu, nyumbani kwetu Mtaa wa Swahili, kwamba nakwenda Unguja kusomea uzamiaji, alikaa chini akashika kichwa. Kwetu Kariakoo, kama mjuavyo, mzamiaji ni kijana anayejificha ndani ya meli ili aende Ulaya bila tiketi. "Mtoto niliyekusomesha mpaka Mlimani, leo unataka kuzamia meli?" Ilinichukua jioni nzima kumweleza, na sina hakika kama alinielewa.

Mimi ni mtumishi wa Serikali katika mambo ya hifadhi ya bahari. Wengi wenu mmekwenda Mbudya na Bongoyo kula samaki siku za Jumapili. Visiwa hivyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo ya hifadhi tangu mwaka 1975. Baadaye ikaja sheria ya mwaka 1994, na mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Mafia ikaanzishwa. Nilipoajiriwa, kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa za matumbawe: mangapi yamekufa tangu joto la mwaka 1998 lilipoyachoma, mangapi yamevunjwa kwa baruti. Niliandika taarifa hizo miaka mitatu, ndugu zangu, nikiwa sijapata kuona tumbawe hai hata moja. Sikujua kuogelea. Mimi mtoto wa Kariakoo, ambaye bahari iko mwendo wa nusu saa kwa miguu, nilifika umri wa miaka ishirini na saba na maji hayajanipita kiuno!

Lakini jambo lenyewe lilianzia hapa shuleni. Wale wa rika langu watakumbuka tarehe 21 Mei, 1996, tulipokuwa Kidato cha Pili. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Mwenzetu mmoja, mtoto wa Kagera, alifiwa na shangazi yake. Tulisikia kwamba meli ilipinduka ikaelea tumbo juu, na watu waliokuwa hai ndani walisikika wakigonga. Wakaja watu wa kuwaokoa, wakatoboa chuma. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na meli ikazama. Wapiga mbizi wakaja kutoka Afrika Kusini kusaidia kutoa maiti. Mwalimu wetu wa fizikia aliingia darasani asubuhi moja, akachora ubaoni bakuli lililofunikwa majini, akachora tundu juu yake, kisha akaweka chaki chini akatoka bila kusema neno. Mchoro ule sijausahau.

Basi nikajifunza kuogelea, pamoja na watoto wa miaka saba ambao walinicheka sana. Kisha nikaomba ofisi inigharimie mafunzo. Jibu likawa kwamba afisa mwenye shahada hana haja ya kulowa. Nikachukua likizo yangu, nikauza pikipiki, nikaenda Nungwi.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa pale pale, mtoto wa mvuvi, aliyeishia darasa la saba. Mimi nilikuwa na shahada ya sayansi, naye alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minne. Mkinitazama leo mnaweza kudhani nilimpa heshima yake tangu siku ya kwanza. La. Alipoanza kueleza Kanuni ya Boyle nilimkatiza, nikaieleza mimi kwa Kiingereza, pamoja na mlinganyo wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri kaka. Kesho utaieleza tena chini."

Kesho yake tukashuka mita kumi na mbili. Zoezi lilikuwa kuvua miwani, kuivaa tena, na kuyatoa maji yaliyoingia kwa kupuliza hewa puani. Nilipoivua, maji yakanijaa puani, nikasahau kila kitu. Nikabana pumzi nikapiga mateke kwenda juu. Sasa ninyi wanafunzi wa sayansi nisikilizeni. Kila mita kumi za maji ya bahari huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Hewa inayojaza mapafu yako ukiwa mita kumi, ukiibana na kupanda nayo mpaka juu, itataka nafasi mara mbili. Mapafu hayana nafasi hiyo, hupasuka. Kanuni hiyo niliiandika katika mtihani nikapata alama zote, na bado nilikuwa nakwenda kufa nayo.

Kijana yule alinidaka mkanda wa risasi, akanivuta, akanishika mabega, akaleta uso wake karibu na wangu. Akanionyesha kwa mkono: pumua nje. Tena. Tena. Tulikaa hivyo dakika nzima, nami macho yananiwasha chumvi, mpaka mapovu yangu yakatoka polepole kama yake. Tulipofika juu hakunisema mbele ya watu. Aliniambia tu niende nikanywe chai. Tangu siku hiyo nilimwita Mwalimu, na mpaka leo namwita hivyo.

Njia ya masomo ni ndefu kidogo. Cheti cha kwanza kinakuruhusu kushuka mita 18, cha pili mita 30. Baada ya hapo unajifunza kuokoa, na huduma ya kwanza. Ndipo unaingia daraja la kwanza la kazi, la kiongozi wa wapiga mbizi. Katika chama nilichosomea, PADI, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1966, uwe umetimiza miaka 18, umeshazama mara 40 kabla ya kuanza na mara 60 kabla ya kumaliza. Unaogelea mita 400 bila kifaa, unaelea dakika 15, unamvuta mwenzako aliyechoka mita 100. Zoezi gumu kuliko yote ni kubadilishana vifaa vyote na mwenzako chini ya maji huku mkipokezana hewa ya mtungi mmoja. Nililirudia mara tatu. Ukitaka kuwa mwalimu, uwe umezama mara 100.

Kuna pia masomo ya naitrojeni, ambayo huyeyuka katika damu na kutoa mapovu ukipanda kwa pupa. Mskoti Haldane alitoa majedwali ya kwanza ya kupanda mwaka 1908, baada ya kuwajaribu mbuzi. Nilipomsimulia baba, ambaye aliuza mbuzi maisha yake yote, aliuliza bei yao.

Mwaniuliza kazi iko wapi. Hoteli za Unguja na Mafia zipo, lakini msitazame huko tu. Liko bomba la gesi la Songo Songo, ziko bandari, iko mikongo ya mawasiliano iliyolala chini ya bahari, wako Polisi Wanamaji na Zimamoto. Tarehe 20 Septemba, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, walikufa zaidi ya watu mia mbili. Siku mbili baadaye wapiga mbizi waliingia ndani wakamkuta fundi mitambo yu hai, penye hewa iliyobaki. Wakamtoa. Siku hiyo nilikuwa ofisini Dar es Salaam. Niliukumbuka ule mchoro wa ubaoni, nikampigia simu mwalimu wetu wa fizikia, ambaye amekwisha staafu. Naye alikuwa amesikia habari.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimekuja na mtungi mmoja, miwani mbili na mapezi, viko kwenye gari nje. Baada ya chai nitawaonyesha wanafunzi namna vinavyovaliwa. Ila naomba mtu asifungue mtungi kabla sijafika.