Kuzisoma Habari za Hewa za Kiwanja cha Ndege
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Mbulu na Hanang)



Twaanza kwa kosa letu wenyewe. Asubuhi moja sisi makarani tulipokea habari za hewa za Kilimanjaro, tukawaambia jamaa za mgonjwa aliyengoja ndege huku Mbulu ya kwamba mbingu ni njema, ndege yaja. Wakakaa kiwanjani tangu saa tatu hata jua likapinda, na ndege haikuonekana. Habari ile haikuwa na kosa. Sisi hatukujua kuisoma.

Tazameni mstari huu, tuliouandika kwa mfano:

HTKJ 120600Z 09008KT 9999 BKN025 22/16 Q1018

HTKJ ni Kilimanjaro. 12 ni tarehe, na 0600Z ni saa ya Greenwich. Hapa saa ya Kiswahili yatupa bahati: toa tatu, umepata saa tatu asubuhi. Upepo watoka nyuzi 90, yaani mashariki, kwa maili 8 za baharini kwa saa. 9999 maana yake macho yafika kilomita 10 au zaidi. 22 ni joto la hewa, na 16 ni kiwango cha umande. Hesabu hizi mbili zikikaribiana sana, tazamieni ukungu. Q1018 ni kanieneo ya hewa, nayo rubani huihitaji ili chombo chake cha kupimia kimo kiseme kweli.

Lililotuangusha ni BKN025. Mawingu yamefunika sehemu 5 hadi 7 katika 8 za mbingu, kwa kimo cha futi 2,500. Lakini futi hizo huhesabiwa kutoka ardhi ya kiwanja kile kile, si kutoka baharini, wala si kutoka kwetu. Kiwanja cha Kilimanjaro kiko karibu futi 2,930 juu ya bahari; basi wingu lile laanzia futi 5,430. Nyanda za Mbulu, sehemu nyingi, zapita futi 5,500, na Mlima Hanang wapita 11,000. Wingu la kimo hicho likifika huku halipiti juu ya vichwa vyetu. Hukaa ardhini pamoja nasi.

Siku hizi, baada ya kusoma tarakimu, twatoka nje kutazama kilima kilicho ng'ambo ya kiwanja kama chaonekana hata kileleni, kisha twampigia rubani simu. Yule mgonjwa alichukuliwa jioni kwa gari, njia ya Karatu.